Bagamoyo, Mji wa Mwisho wa Njia

1. Njia iliyopita kwetu

Watoto, mnaijua njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Wengine wenu mmeipita kwa miguu pamoja na mama zenu, wengine kwa baiskeli, wengine juu ya lori lenye mizigo. Na ninyi mnaokaa Salamabila mnawaona wasafiri wakifika kwenu kila siku na vumbi miguuni. Je, mmepata kujiuliza njia hiyo ilikuwa ikienda wapi zamani, kabla ya magari na reli?

Haikuishia Kabambare. Ilipita hapo, ikaenda mashariki mpaka ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Mtowa. Huko watu walipanda mitumbwi mikubwa, wakavuka ziwa, wakashuka Ujiji. Toka Ujiji walitembea mpaka Tabora, nchi ya Wanyamwezi. Toka Tabora wakapita Ugogo, nchi kavu yenye maji machache. Wakaendelea siku nyingi, mpaka asubuhi moja wakaona mbele yao maji yasiyo na ng'ambo. Hiyo ndiyo bahari. Na mji uliokuwa penye ukingo wa bahari hiyo unaitwa Bagamoyo.

Toka Kasongo mpaka Bagamoyo ni mwendo wa kilometa zaidi ya 1,500. Watu waliutembea kwa miguu, na mzigo begani. Basi leo tutautembelea mji huo, kama wageni wanaofika mara ya kwanza. Maana mji huo, ingawa uko mbali katika nchi ya Tanzania, ni mwisho wa njia yetu wenyewe.

2. Bahari na bandari

Tuanze pwani. Mtoto aliyekulia karibu na mto Lualaba anajua kwamba maji hupanda wakati wa mvua, na kushuka wakati wa kiangazi. Baharini si hivyo. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kwa muda wa saa sita hivi yanapanda mchangani. Kisha kwa muda wa saa sita nyingine yanarudi nyuma, na mchanga unabaki wazi.

Pwani ya Bagamoyo haina kina. Maji yakipwa, mtu aweza kutembea mbali sana kabla maji hayajafika magotini. Hiyo ilikuwa faida kubwa kwa majahazi, yaani vyombo vya mbao vyenye tanga. Jahazi lilikuja na maji mengi, likatia nanga. Maji yalipopwa, likakaa juu ya mchanga. Wachukuzi wakaliendea kwa miguu, wakapakua mizigo au kupakia. Maji yalipojaa tena, jahazi likaelea na kwenda zake.

Mbele ya Bagamoyo, ng'ambo ya mlango wa bahari, ni kisiwa cha Zanzibar. Huko ndiko alikokaa Sultani, na huko zilifika merikebu kubwa kutoka Uarabuni, Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Basi Zanzibar ilikuwa duka kubwa, na Bagamoyo ilikuwa mlango wake wa kuingilia bara.

Lakini Bagamoyo siyo mji wa kwanza mahali hapo. Ukitembea kilometa tano hivi upande wa kusini, utafika Kaole. Huko yako magofu ya msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya baharini, mamia ya miaka kabla ya Bagamoyo kuwa mji mkubwa. Kaburi moja lina nguzo ndefu ya mawe. Watu waliokaa pale walikuwa wafanyabiashara na wavuvi, nao walijua kujenga. Basi mgeni asidhani ya kuwa miji ya pwani ilianza siku Wazungu walipofika.

3. Msafara

Sasa tutazame msafara ukiingia mjini, kama ulivyoingia mnamo miaka ya 1870.

Kwanza sauti ya ngoma inasikika toka mbali. Kisha anatokea kirangozi, ndiye mtu anayetangulia na kuongoza njia. Amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na bendera iko mkononi. Nyuma yake wanakuja wapagazi, mmoja mmoja, kama siafu. Kila mmoja amebeba pembe ya ndovu au mzigo mwingine. Uzito wa mzigo ni kilo 30 hivi, na juu yake ameongeza mkeka wake wa kulalia, chungu chake na chakula chake.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Hao walikuwa watu huru, walikubaliana mshahara wao, nao walijivunia kazi yao. Kijana wa Unyamwezi aliyekuwa hajaona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili.

Pembe zilizobebwa zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwetu, Maniema. Katika nchi yetu ndovu walikuwa wengi, na habari hiyo ilifika pwani. Wafanyabiashara wa Zanzibar wakafuata pembe mpaka Nyangwe na Kasongo. Mkubwa wao aliitwa Hamed bin Muhammed, naye ndiye watu waliyemwita Tippu Tip. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, akafanya Kasongo kuwa makao yake makuu mnamo mwaka 1875, akafa Zanzibar mwaka 1905.

Pembe zikivuka bahari zilifanywa vitu gani? Ulaya na Marekani watu walizitumia kutengeneza vitana, mipini ya visu, mipira ya mchezo wa biliadi na vipande vyeupe vya kupigia kinanda. Katika kurudi, misafara ilileta vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Kitambaa kimoja kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani. Basi mwanamke wa Kasongo alivaa nguo iliyofumwa Marekani, na mtoto wa Marekani alipiga kinanda kwa pembe ya ndovu wa Maniema. Hawakuonana hata siku moja, lakini njia iliwaunganisha.

4. Jina lenye maana mbili

Mgeni akifika Bagamoyo, swali lake la kwanza ni hili: "Jina hili maana yake nini?"

Watu hujibu kwamba linatoka katika maneno mawili: bwaga na moyo. Kubwaga ni kutupa chini mzigo. Lakini bwaga moyo ni kusema nini? Hapo majibu ni mawili.

Jibu la kwanza ni la wapagazi. Mpagazi amesafiri miezi mingi. Amevuka mito, amelala njaa, amezika wenzake njiani. Sasa anaiona bahari. Anatua mzigo, anajinyosha mgongo, anasema: "Ee moyo, tua nawe! Pumzika! Taabu imekwisha, mshahara uko karibu." Kwake yeye jina la mji ni jina la furaha.

Jibu la pili ni la watumwa. Maana katika misafara hawakuwamo watu huru tu. Walikuwamo pia waume, wake na watoto waliokamatwa vitani au kuuzwa, nao walifungwa kwa kamba na minyororo. Mtumwa alipoiona bahari alijua ya kuwa jahazi litamchukua, na kwao hatarudi tena. Anasema: "Moyo wangu nauacha hapa. Mwili wataupeleka watakako." Kwake yeye jina la mji ni jina la kilio.

Jibu gani ni la kweli? Watu wenye elimu wamebishana juu ya neno hilo, na mengi yanaonyesha ya kuwa wapagazi walikuwa wengi kupita watumwa katika mji ule. Watumwa wengi zaidi waliopelekwa Zanzibar walipitia bandari ya Kilwa, upande wa kusini. Lakini watumwa walipita Bagamoyo pia, na machozi yao hayapimwi kwa hesabu. Mtu anayemwonyesha mgeni mji huo, akitaja furaha peke yake, amesema nusu. Akitaja kilio peke yake, amesema nusu. Mji ni mmoja, na watu wawili waliufikia siku moja, kwa njia moja, wakauona kwa macho mbalimbali.

5. Misioni, mbuyu na mnyororo

Tuondoke pwani, tufuate njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Mwisho wake ni misioni. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekaa kwanza Zanzibar, walivuka bahari wakajenga hapa. Mkubwa wao aliitwa Padri Antoine Horner. Hii ndiyo misioni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika ya Mashariki ya siku zile. Mapadre walikomboa watumwa, hasa watoto, kwa kutoa fedha. Wakawafungulia kijiji, shule, karakana na mashamba. Waliokombolewa wakajifunza useremala, uashi na kilimo, wakaoana, wakajenga nyumba zao.

Tena mwaka 1878, mwezi wa sita, Mapadre Weupe wa kwanza waliondoka Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makubwa. Walifuata njia ileile ya misafara. Mmoja wao, Padri Pascal, alifariki njiani. Wengine walifika Ujiji mwezi wa kwanza wa 1879. Baadaye wenzao ndio waliovuka ziwa wakafika upande wetu.

Karibu na misioni uko mbuyu mnene sana. Katika gome lake kipande cha mnyororo kinatokeza. Mgeni akikiona, mara moja moyo wake unashtuka, husema: "Lo! Hapa walifungwa watumwa!" Lakini sivyo. Watu wa misioni hueleza ya kuwa mnyororo huo ulifungwa mwishoni mwa karne ya 19 na bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa. Alimfunga punda wake hapo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukakua, ukaumeza.

Kwa nini tunawasimulieni habari ya punda? Kwa sababu anayeonyesha mji hupata jaribu. Anaona mgeni ametoa macho, karibu kulia, naye anafikiri: "Nikimwambia ni mnyororo wa watumwa, atafurahi kwa kuwa amekiona kitu kikubwa, labda ataniongezea fedha." Asifanye hivyo. Mateso ya watumwa ni kweli, hayahitaji kusaidiwa na uwongo. Mgeni akigundua ya kuwa amedanganywa katika jambo la punda, hataamini tena jambo la watumwa.

6. Wale waliobeba mwili wa rafiki yao

Katika misioni ulibaki mnara wa kanisa la zamani, lililojengwa mwaka 1872. Watu huuita Mnara wa Livingstone. Sikilizeni sababu, maana habari hii inaanzia kwetu.

David Livingstone alikuwa mganga na msafiri, mtu wa Uskoti. Mwaka 1871 alikaa miezi kadhaa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, si mbali na Kasongo. Nyangwe palikuwa na soko kubwa sana. Wanawake walifika kwa mamia na samaki, mihogo, mafuta na vyungu. Tarehe 15 mwezi wa saba, watu wa wafanyabiashara wa pwani waliingia sokoni na bunduki, wakawapiga watu risasi. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, na wengi wakafa maji. Waarabu wenyewe walikadiria ya kuwa waliokufa ni kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akayaandika.

Akaondoka Nyangwe, moyo wake umeumia, akarudi Ujiji. Huko alikutana na Henry Morton Stanley, aliyekuwa ameondoka Bagamoyo mwezi wa tatu mwaka ule. Stanley aliporudi pwani alichukua barua za Livingstone, na habari ya Nyangwe ikasomwa Uingereza. Watu wakaona uchungu sana. Serikali ya Uingereza ikamkaza Sultani Barghash, na tarehe 5 mwezi wa sita 1873 akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Watoto, wale wanawake wa Nyangwe majina yao hayakuandikwa. Lakini kifo chao kilisaidia kufunga soko lile.

Livingstone hakuishi kuona siku hiyo. Alikufa mwezi mmoja kabla, tarehe 1 mwezi wa tano 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Waliokuwa naye walikuwa Waafrika. Wakubwa wao ni Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa kijana alikuwa mtumwa, akafunguliwa na Livingstone na wenzake mwaka 1861. Susi alitoka upande wa mto Zambezi.

Wangaliweza kumzika pale, kugawana vitu vyake na kwenda zao. Hawakufanya hivyo. Walizika moyo wake chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza safari. Katika njia, watu wa vijiji waliogopa maiti wakawazuia. Basi waliufunga mwili upya kama mzigo wa nguo, ili usijulikane. Kabla ya hayo, walipofika Tabora, walikuwa wamekutana na Mwingereza mmoja msafiri, jina lake Cameron. Akawashauri wauzike hapo. Wakakataa. Walitembea miezi tisa hivi. Mwezi wa pili 1874 waliingia Bagamoyo, wakauweka mwili katika kanisa la misioni, ukalala hapo.

Merikebu ikauchukua mpaka Zanzibar, na toka huko ukapelekwa London, ukazikwa kwa heshima kubwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 mwezi wa nne 1874. Mmoja wa kundi lile, Jacob Wainwright, alikuwapo. Lakini Chuma na Susi hawakuwapo siku ya maziko. Walifika Uingereza baadaye, mambo yalipokwisha. Mnara una jina la Livingstone. Nasi tunapoutaja, tutaje pia waliombeba.

7. Kwa nini mji ulipungua

Mwaka 1888 Wajerumani walianza kutawala pwani kwa nguvu. Watu wakakataa. Abushiri bin Salim akawaongoza, vita vikaenea, na Bagamoyo ikapigwa. Watu wengi walikimbilia misioni kupata usalama. Mwezi wa kumi na mbili 1889 Wajerumani walimkamata Abushiri wakamnyonga Pangani. Bagamoyo ikawa makao makuu ya utawala wao.

Lakini si kwa muda mrefu. Mnakumbuka pwani isiyo na kina? Ilifaa majahazi, lakini meli kubwa za moto hazikuweza kukaribia. Dar es Salaam, kusini yake, ina bandari yenye kina kirefu. Basi mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu huko. Walijenga boma kubwa Bagamoyo mwaka 1897, lakini biashara ilikuwa imeanza kuhama. Reli ilipotoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, hapakuwa tena na sababu ya mtu kubeba kilo 30 begani kwa miezi mingi. Na huku kwetu reli ya Kindu kwenda Kongolo ilikuwa imekwisha jengwa, na ya Kabalo kwenda ziwani ikamalizika mwaka 1915.

Leo Bagamoyo ni mji wa wavuvi, wa wanafunzi na wa wageni. Majahazi bado huja mchangani. Chuo cha sanaa kilifunguliwa mwaka 1981, nacho hufundisha ngoma, michezo ya kuigiza na uchoraji. Na mwaka 2006 serikali ya Tanzania ilipeleka jina la njia ya misafara, toka Bagamoyo mpaka Ujiji, kwa UNESCO, ili ifikiriwe kuwa urithi wa dunia.

8. Njia ilituachia nini?

Njia ile ilileta maumivu kwetu. Vijiji vilichomwa, watu walikamatwa, ndovu wakaisha. Wengi wa mababu zetu waliochukuliwa hawakufika hata baharini. Walibaki njiani, Ujiji na Tabora. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wakakaa. Ndiyo sababu hata leo wako Wamanyema katika miji hiyo, na Dar es Salaam uko msikiti uitwao Msikiti wa Manyema. Hao ni ndugu zetu.

Kisha vita vikaja. Tangu 1892 mpaka 1894 askari wa Dola Huru la Kongo walipigana na Waarabu na Waswahili. Kasongo ilitwaliwa tarehe 22 mwezi wa nne 1893, na Kabambare mwanzoni mwa 1894. Dola lile lilisema limekuja kukomesha utumwa. Lakini nalo likawalazimisha watu kubeba mizigo na kuleta mpira na pembe kwa fimbo na bunduki. Mzigo ulibadili mwenyewe tu. Bega lilikuwa lilelile.

Lakini njia ilileta na vitu vingine. Mpunga unaoota katika mashamba yetu ulienezwa na watu wa pwani. Maembe tunayokula yalikuja kwa njia hiyo. Na zaidi ya yote, ilikuja lugha. Kiswahili mnachosoma sasa hivi, katika ukurasa huu, kilitembea kwa miguu toka pwani, midomoni mwa wapagazi, wafanyabiashara na watumwa, mpaka Maniema. Huku kwetu kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, watu walio huru. Lugha iliyokuja pamoja na mnyororo ikapewa jina la watu huru.

Basi tusiseme: "Kiswahili ni lugha ya waliotukamata." Watumwa nao walikisema, na kwa lugha hiyo walipatana, walifarijiana, walisali. Wala tusimchukie jirani yetu kwa sababu babu yake alikuja na msafara. Kosa ni la aliyelitenda, si la mjukuu. Lakini pia tusisahau. Anayesahau mahali alipoumizwa babu yake, kesho ataweza kumwumiza mwenzake mahali palepale.

9. Mgeni akija kwetu

Karibu na Kasongo pako mahali paitwapo Tongoni. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha pakahamwa. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Tippu Tip. Siku moja mgeni aweza kuja, akakuuliza: "Mtoto, hapa palikuwa na nini?"

Utamjibuje? Usimwambie: "Hapana kitu, ni majani tu." Wala usimtungie hadithi za kumshangaza. Mwamkie kwa adabu, umpe maji ya kunywa, kisha umwambie yale uliyojifunza na yale uliyosikia kwa wazee. Mwambie biashara na vita. Mwambie walioingia na walioondoka. Mwambie njia ilianza hapa na ilikwisha Bagamoyo, na kwamba kule mwisho wake watu wawili walitua mioyo yao, mmoja kwa furaha, mmoja kwa kilio.

Na kama hujui jambo, sema: "Ngoja nikamwulize babu." Kisha nenda ukamwulize kweli, maana wazee hawatakaa nasi siku zote.

Maneno ya kukumbuka

Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma. Kinyume chake ni kujaa.
Jahazi: chombo cha baharini cha mbao, chenye tanga.
Msafara: kundi la watu wanaosafiri pamoja.
Mpagazi: mtu abebaye mizigo ya safari kwa mshahara.
Kirangozi: mtu anayetangulia msafara. Leo twasema kiongozi.
Kukomboa: kumtoa mtu katika utumwa kwa kulipa.
Gofu: nyumba iliyobomoka. Wingi wake ni magofu.
Tongo: mahali palipohamwa na watu.

Maulizo

1. Taja miji na nchi ambazo msafara ulipita toka Kasongo mpaka Bagamoyo.
2. Kwa nini pwani isiyo na kina ilifaa majahazi? Kwa nini haikufaa meli kubwa?
3. Eleza maana mbili za jina la Bagamoyo. Nani alisema kila moja?
4. Mnyororo ulio katika mbuyu ulifungwa kwa kazi gani? Kwa nini ni vibaya kumdanganya mgeni juu yake?
5. Habari ya soko la Nyangwe ilisaidiaje kufunga soko la Zanzibar?
6. Chuma na Susi walikataa shauri gani Tabora? Wewe ungalifanyaje?
7. Vitu gani katika nyumba yenu na katika shamba lenu vilikuja kwa njia ya misafara?

Zoezi

Chora ramani ya njia toka Kasongo mpaka Bagamoyo. Weka Kabambare, ziwa Tanganyika, Ujiji na Tabora, na uonyeshe mahali ulipo wewe. Kisha mwulize mzee mmoja wa kijiji chenu: "Zamani njia yetu ilipitiwa na nani?" Andika jibu lake katika mistari kumi, ulisome shuleni mbele ya wenzako.